Mume wa Upande wa Pili wa Ukuta

Katika ua wetu hakuna mtu aliyegonga mlango. Ukitaka chumvi kwa jirani, unasukuma mlango huku unaita jina lake, na ukimkuta amevaa gagulo tu mnacheka, unachukua chumvi, unakwenda zako. Waliogonga ni mtoza kodi ya nyumba, polisi, kasisi, na mtu aliyeleta habari ya msiba. Kwa hiyo tukisikia ngo ngo ngo mahali popote uani, hata watoto walinyamaza.

Nyumba zetu zilipeana mgongo. Yangu ilitazama uani, penye bomba la maji na vyoo. Ya Lottie Bissell ilitazama barabara ya Garrison, wanakopita watu wenye haraka. Kati yetu palikuwa na ukuta wa tofali moja, mlango mmoja upande wangu na mlango mmoja upande wake. Lottie akipiga chafya kwake, mimi namtakia afya kwangu. Mumewe, Walter Bissell, alikwenda Kanada baada ya vita kutafuta kazi, na huko akamezwa na theluji au na mwanamke, hatukujua. Aliacha koti la sufu, kepu, na kadi yake ya bima ya kazi kwenye droo.

Na darini kwangu, nyuma ya kabati la nguo, palikuwa na tundu.

Tundu lile lilikuwa la Jabez Tranter. Kama hukukaa Birmingham miaka ile, basi jua tu kwamba kucheza kamari ya farasi mtaani kulikuwa kosa la jinai, na kwamba mtaa mzima ulicheza. Tranter ndiye aliyepokea dau za watu wa kwetu. Vijana wake walisimama kwenye uchochoro wa kuingilia uani saa za chakula cha mchana, na polisi wakitokea, kijana aliyeshika vikaratasi alikimbilia kwangu, akapanda ngazi, akasukuma kabati, akapenya, akateremkia kwa Lottie na kutokea barabarani. Tranter hakuniomba ruhusa ya kutoboa ukuta. Alituma mtu mwenye nyundo na mwingine mwenye nyama ya nguruwe ya Pasaka, nikaelewa.

Kama polisi walikuwa wamewahi upande wa barabara, Lottie alikuwa na kazi yake. Alimkalisha yule kijana mezani, akamvika koti la Walter, akamwekea kikombe cha chai mkononi, akafungua mlango na kusema, "Mume wangu huyu, afande, ana homa tangu jana." Konstebo Hodgetts wa lindo letu, ambaye bata wake wa Krismasi alitoka kwa Tranter, alikuwa akimtazama huyo mume na kusema, "Pole, Bwana Bissell." Kwa miaka saba Walter Bissell alikuwa mwembamba, mnene, mwenye upara, mwenye nywele nyekundu, na mara moja alikuwa na miaka kumi na sita. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Enoch wangu hakucheka. "Nyumba yangu si uchochoro wa wahuni," alisema kila alipoliona lile kabati limesogezwa.

"Basi kamwambie Tranter," nilimjibu.

"Ipo siku nitamwambia."

"Na siku hiyo nitavaa nguo nyeusi kabisa, nisihangaike kubadilisha."

Enoch Pardoe alikuwa mwendesha gari la farasi katika bohari la mizigo la reli. Alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi mpaka kwenye kucha, mtu wa kusimama juu ya boksi na kusema. Lakini alichokipenda kuliko boksi na, wakati mwingine nilidhani, kuliko mimi, ni jike la farasi aliloliita Dolly. Wenye magari wote pale walikuwa na mluzi wao. Mluzi wa Enoch ulikuwa wa sauti tatu, ya mwisho ikipanda, na Dolly akiusikia alisimama popote alipo, hata katikati ya reli za tramu, na akiusikia mara ya pili aligeuka kurudi zizini.

Mwezi Mei mwaka elfu moja mia tisa ishirini na sita wachimba makaa ya mawe walifungiwa milango ya migodi kwa kukataa kupunguziwa mshahara, na nchi nzima ikagoma nao. Ukimya wa siku ile ya kwanza siwezi kuusahau. Hakuna tramu, hakuna king'ora cha kiwanda, hakuna treni ya mizigo. Tulisikia ndege. Mama mmoja wa uani aliuliza kama ndege wale walikuwapo siku zote.

Tranter aliitwa kituo cha polisi. Alichoambiwa kule sijui, ila najua alichotoka nacho: vitambaa vya kufunga mkononi vya askari wa muda, vya kuwatosha vijana wake wote. Wahuni waliokuwa wakiwakimbia polisi wiki iliyopita, sasa ndio walikuwa polisi. Sid Mucklow, mkubwa wa vijana wale, alipita uani amevaa kitambaa chake huku amepinda kepu.

"Habari za mgomo, Hetty?" aliniuliza.

"Safi. Mama yako anajua umepata kazi?"

"Mwambie mumeo awe mpole."

"Mwambie wewe. Si una rungu?"

Enoch hakuwa mpole. Wiki ilipokaribia kuisha, serikali ilileta wanafunzi wa chuo kikuu waendeshe magari ya unga kutoka bohari. Vijana wa kupendeza, wamevaa suruali za kriketi, hawajui hatamu ni kitu gani. Watu walijipanga pembeni kuwazomea. Gari la tatu lilivutwa na Dolly. Enoch alikuwa amesimama mikono mfukoni, kama alivyoagizwa na kamati ya mgomo. Akapiga mluzi.

Dolly akasimama wima katikati ya barabara. Gari la nyuma likamgonga. Enoch akapiga tena, na jike lile likageuka na mzigo wake wote kurudi nyumbani. Magunia yakaporomoka, unga ukafunika barabara, na mwanafunzi mmoja akaanguka akavunjika mfupa wa mtulinga. Watu walicheka na kupiga makofi. Wenye mamlaka hawakucheka, maana ilikuwapo sheria ya dharura, na jioni hiyo Enoch Pardoe alikuwa anatafutwa kwa hujuma na kwa kumjeruhi mtu.

Polisi walikuja siku iliyofuata tukiwa mezani. Mtoto wa jirani alipita mbio dirishani akipiga kelele, "Rungu! Rungu!" na tukajua. Uani kulikuwa na njia moja tu ya kutoka, na ile njia ilikuwa imejaa makofia ya polisi. Enoch alinitazama. Sijapata kuona mtu akimeza kiburi chake waziwazi namna ile, na kilimkwama kooni.

"Kabati," nilisema.

"Hetty, siwezi kupita kwenye tundu la Tranter."

"Utapita, au nikupitishe kwa mateke?"

Alipita. Nilirudisha kabati, nikateremka, nikaweka sahani yake ndani ya yangu, na hapo mlango ukagongwa.

Askari wawili walipekua kwangu. Mimi niliegemea ukuta kama mwanamke aliyechoka, sikio langu kwenye karatasi ya ukutani, na kwa upande wa pili nikasikia kitu kilichonikata maini: hatua za viatu vizito kwa Lottie. Safari hii walikuwa wamezunguka pande zote mbili kwa pamoja. Alikuwako inspekta mgeni aliyeletwa kutoka nje ya mji, mtu asiyekula bata wa mtu, na pamoja naye Hodgetts, na mlangoni Sid Mucklow na kitambaa chake.

"Nani huyu?" aliuliza inspekta.

Baadaye Lottie aliniapia kwamba hakufikiri lolote. Alisikia mtu anateremka ngazi mbio, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya kwa miaka saba: koti, kiti, kikombe. Hata mdomo ulijiendea wenyewe.

"Mume wangu huyu, afande. Ana homa tangu jana."

"Jina?"

"Walter Bissell."

"Konstebo Hodgetts, unamfahamu mtu huyu?"

Hebu mfikirie Hodgetts. Alimjua Enoch vizuri, walishatukanana mara nyingi. Lakini akisema huyu si Bissell, ataulizwa: je, Bissell ni yupi? Na wale Bissell wengine wote aliowapa pole? Na bata? Nilisikia viatu vyake vikilia sakafuni.

"Namfahamu, bwana. Ni Bissell. Mkaazi wa siku nyingi."

"Na wewe?" inspekta akamgeukia Sid.

Sid Mucklow mwenyewe alishakuwa Walter Bissell mara kadhaa, kwenye kiti kile kile. "Ndiye yeye, bwana," alisema. "Mtu wa homa sana."

Niliziba mdomo wangu kwa aproni nisicheke kwa sauti. Nilidhani tumeshinda.

Inspekta hakuwa mjinga. Aliweka mtu wake wa kulinda barabara, na mwingine kwenye uchochoro wetu. Kwa hiyo Bwana Bissell hakuweza kutoka kwa Lottie ila kama Bwana Bissell, na Enoch Pardoe hakuweza kuonekana kwangu kabisa. Kila jioni, mapazia yakishashushwa, alipenya tundu akaja kula nami darini, tumekaa kitandani magoti yamegusana, tukinong'ona. Tulikuwa kama wachumba wanaojificha. Sitasema uongo, siku zile za mwanzo zilikuwa tamu.

Kisha mgomo ukaisha. Wakubwa wa vyama vyetu kule London waliingia kwa waziri mkuu, wakatoka, wakatuambia turudi kazini. Hawakupata ahadi yoyote, hata ya maneno. Wachimba makaa waliachwa peke yao. Enoch aliisoma habari ile kwenye gazeti lililofungiwa samaki, akalikunja vizuri akaliweka chini ya mto. Wanaume walikwenda bohari kupanga foleni kuomba kazi zao, na wenye bohari wakachagua nani arudi na nani asirudi. Jina la Pardoe halikuishia bohari tu. Lilizunguka kiwanda kwa kiwanda, mnyapara akimwambia mnyapara mwenzake, mpaka hapakuwa na mlango mjini uliofunguliwa kwa jina hilo.

"Nenda kajisalimishe," nilimwambia mwezi Juni. Nilikuwa nimelifikiria sana. "Wenzako waliokamatwa wamepewa miezi miwili, mitatu. Fungwa, utoke, urudi kwako kwa jina lako."

"Na nikitoka? Tutakula jina?"

"Tutakula viazi. Mimi nafua nguo za watu."

"Yule mwanafunzi mtulinga wake umepona vibaya, Hetty. Baba yake ni mtu mkubwa. Hawatanipa mitatu."

"Sita, basi. Mwaka. Nitakungoja mlangoni, si nyuma ya kabati."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa umelainika kwa kukosa hatamu. "Nipe majira haya ya joto tu," alisema. "Mambo yakitulia nitakwenda mwenyewe kituoni."

Wazo la ile kadi ya bima nadhani lilikuwa la Lottie, ingawa wote wawili walilisema kana kwamba lilijitokeza lenyewe. Walter Bissell hakuwa amegoma. Walter Bissell hakupata kusimama juu ya boksi maishani mwake. Kadi yake ilikuwa safi, na kiwanda kimoja cha vitanda vya chuma kilikuwa kinatafuta watu. Mnyapara wake, Bwana Yardley, alikaa barabara ya Garrison, ng'ambo tu ya nyumba ya Lottie, naye alimchukua Bissell bila maswali, akamsifu kwa kupona homa.

Kwa hiyo kila asubuhi, mbele ya macho ya Yardley, mume wangu alitoka kwa mlango wa Lottie, na Lottie akasimama kizingitini akamkabidhi kifurushi cha mkate. Lazima asimame, maana wake wote wa barabara ile walisimama. Mimi nilijua saa ya kutoka kwake kwa kusikia komeo. Mshahara aliuleta tundu likiwa bado wazi, na tulikula vizuri kuliko tulivyokula wakati wa reli. Nyama Jumapili! Nilimchukia kila mtu aliyeniambia nimenenepa.

Ua wote ulijua, bila shaka. Hakuna aliyesema. Hodgetts alinyamaza kwa ajili ya kazi yake, Tranter kwa ajili ya tundu lake, Lottie kwa kuwa alimdanganya inspekta usoni, na mimi kwa kuwa neno moja langu lingempeleka mume wangu jela pamoja na jirani yangu. Wakati mwingine nilisimama kwenye bomba la maji, nikawatazama wale wanawake wengine, nikatamani mmoja wao angalau apayuke, basi yaishe. Walinipisha kwenye foleni kwa upole. Ule upole ndio uliokuwa unaniua.

Agosti Sid Mucklow alikuja na ndoo ya mchanga, mfuko wa chokaa na matofali ya zamani yaliyopakwa masizi. Inspekta, alisema, ameanza kuuliza habari za madari ya mtaa huu. Bwana Tranter anataka ukuta uwe ukuta.

"Na mume wangu?" niliuliza.

"Mume wako yupi? Wako alitoroka, Hetty. Kila mtu anajua hivyo." Hakusema kwa ubaya. Aliangalia chini. "Mzee amesema lifungwe leo."

Jioni Enoch aliporudi kutoka kazini alisema atajenga mwenyewe, maana Sid hajui kushika mwiko. Nilikaa darini kitandani nikamtazama akichanganya chokaa upande wa pili, kwenye dari ya Lottie, taa imewekwa sakafuni. Alijenga safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kazi yake ilikuwa nzuri. Alikuwa mtu wa kufanya kila kazi vizuri, na nilimpendea hilo, na jioni ile lilinichoma.

"Enoch," nilimwita. "Unaweza kujengea upande huu."

Mwiko ukabaki hewani.

"Ujengee ukiwa huku," nilisema. "Halafu kesho asubuhi tutoke wote kwa mlango wetu, nikushike mkono mpaka kituoni."

"Kesho nina zamu," alisema. "Yardley ananitegemea kwenye tanuri."

"Yardley anamtegemea Bissell."

"Ndiye huyo huyo anayekulisha, mke wangu." Kisha akaona sura yangu. "Si milele, Hetty. Ni mpaka mwakani. Na chokaa lazima isawazishwe upande huu, huku ndiko kuna bomba la moshi."

Nilitaka kumwambia maneno makali na nilikuwa nayo tele, lakini palikuwa pamebaki nafasi ya matofali mawili tu na sikutaka hayo ndiyo yawe ya mwisho kupita. Nilimwambia asisahau kwamba figo za ng'ombe humvimbisha tumbo. Akasema hatasahau. Akaweka tofali.

Ukuta wa tofali moja hauzuii kitu. Nilimsikia akikohoa, nikamsikia akivua viatu, kimoja, kisha kingine baada ya muda, kama desturi yake. Tuliongea kwa siku kadhaa midomo karibu na karatasi ya ukutani, lakini watu wazima hawawezi kuongea na ukuta kila siku. Unamaliza habari. Baada ya hapo Lottie ndiye aliyeleta fedha, Jumamosi, akisukuma mlango na kuita jina langu kama siku zote.

"Shoga, huyo wako hajambo," alisema, hataki kukaa.

"Kaa, Lottie. Hukai siku hizi."

Akakaa ukingoni mwa kiti. "Analala chini, Hetty. Karibu na jiko. Naapa kwa kaburi la mama."

"Sijauliza."

"Najua hujauliza. Ndiyo maana nakwambia."

Nilimwamini, na naamini bado kwamba ilikuwa kweli siku aliyoisema. Lottie hakuwa mwizi. Alikuwa mwanamke aliyekaa miaka saba na koti tupu, akivika wanaume wa dakika tano. Huyu mmoja alibaki mezani mpaka chai ikaisha, akamwomba nyingine. Septemba nilimsikia Enoch akicheka kule, kicheko kile cha puani alichokuwa akicheka kwangu nikimchokoza. Nikachukua ufagio nikafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Bado nilikuwa na tumaini, na tumaini langu lilikuwa na miguu minne. Nilijua mtu aliyeupenda mluzi wake namna ile hawezi kuishi bila huo. Na kweli, Oktoba, nikiwa nimekwenda kununua mafuta ya taa barabara ya Garrison, nilimwona Dolly. Alikuwa na mwendeshaji mpya, mvulana mwenye mdomo wa matusi, gari limejaa vyuma. Na upande ule mwingine wa barabara, wakitoka kiwandani, walikuja Yardley na Enoch, bega kwa bega, na Hodgetts amesimama pale kona.

Enoch hakupiga mluzi. Hakuhitaji. Dolly alimnusa au alimwona, mimi si farasi sijui, akasimama katikati ya barabara na gari lake, masikio mbele. Mvulana alitukana. Akachapa. Dolly hakusogea. Aligeuza shingo yote kumtazama Enoch, akatoa ile sauti ya chini aliyokuwa akiitoa alfajiri akisikia viatu vyake zizini.

"Huyo farasi anakudai, Bissell?" Yardley alisema akicheka.

Mjeledi ukashuka tena. Mimi nilikuwa nimekaza chupa ya mafuta kifuani na nilisema kwa sauti, naam nilisema, "Mwite. Mwite, Enoch." Hakuna aliyenisikia kwa kelele za barabara. Nilijua kwamba akipiga ule mluzi amekwisha, Hodgetts hataweza tena kufumba macho mbele ya mnyapara, atakamatwa hapo hapo. Na nilitaka akamatwe. Nilitaka wamfunge pingu mbele yangu wakimwita Pardoe, na mimi nikimbie nyuma ya gari la polisi nikilia kama mke.

"Mimi na farasi wapi na wapi," alisema mume wangu. "Wananipa mafua." Akampita Dolly karibu kiasi cha kugusana, macho kwenye viatu vyake, na yule jike akamfuata kwa shingo mpaka hatamu zikamzuia.

Nilirudi nyumbani. Nilikaa mezani mpaka giza, na sikuwasha taa ingawa mafuta nilikuwa nayo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nachambua njegere za supu. Lottie alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyejifungua. Uani watoto walikuwa wanapiga kelele za mpira. Ghafla wakanyamaza, na mlango wangu ukagongwa. Ngo ngo ngo.

Nilifikiri inspekta. Nilifikiri ajali ya tanuri, kuna mtu amekuja kuniambia kwa siri kwamba Bissell amekufa, nisilie kwa sauti. Nilifungua.

Alikuwa Enoch. Amevaa koti la Walter, na lilikuwa limepunguzwa mabegani, limeshonwa upya na mtu aliyempima vizuri. Alikuwa amevua kepu, ameishika kwa mikono miwili tumboni. Amezunguka kwa njia ya barabara na uchochoro, mchana kweupe, mbele ya ua wote. Kwa muda wa pumzi moja nilidhani amekuja kunichukua twende kituoni. Kisha nikaona bahasha ya fedha chini ya kepu.

"Lottie hayupo," alisema. "Nikaona niilete mwenyewe. Kwa jirani si vibaya, hata Yardley akiona."

"Umegonga," nilisema.

"Eh?"

"Mlango wako, Enoch. Umeugonga."

Aliutazama mlango, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo kama mtu anayechelewa kuelewa mzaha. Hakuelewa. Mkono wake ulikuwa umefanya unachofanya mkono wa mtu mbele ya nyumba ya watu wengine. Nyuma yake watoto wote walikuwa wamesimama na mpira wao, wanatungoja.

Nilikasirika. Nikafungua mlango mpaka mwisho, nikainama kwa kejeli kabisa, ili imchome, ili anikemee, ili aseme acha upuuzi, mke wangu.

"Karibu ndani, Bwana Bissell," nilisema.

"Asante," alisema, akafuta viatu vyake kwenye mkeka, akaingia, akabaki amesimama mpaka nilipomwonyesha kiti.